"Dalali, nitafutie cha elfu 30, mbali siyo shida"

Nafanya udalali wa vyumba vya kupanga hapa Mwanjelwa, Mbeya, na sentensi hiyo nimeisikia mara nne wiki hii. Wa mwisho kuitoa ni kijana anayeuza simu Kabwe. Nilimwambia akae tupige hesabu, akaona namchelewesha.

Tupige basi, ingawa mwenyewe kaondoka. Tuseme chumba cha elfu 30 kiko Isyesye, ndani kabisa, na cha elfu 50 kiko Soweto, ambako Kabwe unafika kwa miguu. Wa Isyesye anatoa mia tano ya bajaji hadi lami, mia tano nyingine ya daladala, na jioni hivyo hivyo. Ni elfu 2 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni elfu 52. Chumba cha elfu 30 sasa kimekuwa cha elfu 82. Nauli nimekadiria, weka zako, ila usiniambie haziingii kwenye kodi. Zinatoka mfuko ule ule.

Na hapo ni kiangazi. Mvua zikishaanza Novemba, mpaka Aprili huko, bajaji anakushusha kwenye lami na kugeuza. Kile cha elfu 30 ninacho, sikatai. Ila njoo na gambuti.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mtu huyo huyo anakuja kukagua Septemba, saa sita mchana, ukuta umekauka kama biskuti. Anapiga picha, analipa miezi sita. Machi ananipigia: "Dalali, nguo zimeota kuvu." Nyumba nyingi za bei hiyo ni tofali za kuchoma, nje hazijapigwa plasta, msingi mfupi. Maji yanapanda ukutani kama chai kwenye mkate. Ukienda kukagua, weka kiganja ukutani, chini kabisa, kwenye kona ya nyuma ya mlango ambako jua halifiki. Halafu angalia rangi. Ikiwa mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na juu ni ya zamani, huyo kapaka kuficha. Usimuulize mwenye nyumba. Muulize mama anayefua uani, atakuambia hata bila kusimamisha kazi.

Yako na maneno mengine nayasikia kila siku. "Umeme tunachangia, kwa hiyo nafuu." Hapa ndipo huwa naomba maji ya kunywa. TANESCO wana tarifa ya D1 kwa nyumba inayotumia umeme kidogo, usiozidi yuniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi ya serikali na tozo. Ukizidi, ziada inaruka hadi 350, na mita ya matumizi ya kawaida iko T1, ambako yuniti ni 292. Sasa vyumba sita kwenye mita moja, kila kimoja yuniti 20, jumla 120. D1 hamuipati tena. Yuniti zako 20, ambazo kwenye mita yako mwenyewe ya D1 zingekula 2,000, humo zinakula 5,840. Ongeza jirani wa chumba namba tatu ambaye Juni na Julai, baridi ikikaza, anachemsha maji ya kuoga kwa hita asubuhi na jioni, halafu mnagawana sawa kwa sawa! Mimi chumba chenye mita yake nakihesabu kama kimepungua bei. Kabla hujalipa, omba kuona meseji ya mwisho ya LUKU: kiasi kilicholipwa, yuniti zilizopatikana. Toa kodi ya serikali na tozo, gawanya, utajua uko tarifa gani.

"Madalali ndio mnapandisha kodi." Malipo yangu ni kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo sitajifanya malaika. Lakini bei anataja mwenye nyumba. Anayekutoza hela ya kuonyeshwa, kisha kila mnakofika "kimechukuliwa asubuhi hii", mkimbie, hata kama ni rafiki yangu.

"Miezi sita ni sheria." Ni mazoea ya wenye nyumba tu, hakuna sheria inayosema hivyo. Omba mitatu. Ila usiende kuomba Iyunga Oktoba au Novemba, wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST wanapomiminika; wakati huo mwenye nyumba hana haja hata ya kukuangalia usoni. Nenda vyuo vikiwa vimefungwa.

"Mkataba wa mdomo hautambuliki." Unatambulika. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, uwe wa mdomo au wa maandishi. Kazi inakuja siku mwenye nyumba anaposema ulilipa mitatu na wewe unasema minne. Kwa hiyo wateja wangu nawaandikisha karatasi moja, ya mkono inatosha: tarehe, kiasi, miezi, namba ya mita na yuniti zilizokutwa, sahihi zenu mbili na ya shahidi, nakala kwa kila mmoja. Na kodi itume kwa simu, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba mwenyewe, siyo la shemeji yake.