Barafu ya jua: jua lipi?

Tulikuwa kwenye basi la Iringa, tunakaribia Mtera, pale wauza samaki wanapokimbilia madirishani. Mzee wa kiti cha nyuma akasema: "Kwa jua hili la Dodoma, wakifunga mtambo wa barafu ya jua hapa, bwawa zima litaganda." Abiria wakaitikia. Nimeshayasikia maneno hayo mara nyingi mno, na safari hii nayo nilinyamaza. Sasa yamenikaa kooni.

Barafu ya jua ni barafu ileile ya siku zote, maji yaliyoganda, ila nguvu ya kuigandisha imetoka juani badala ya nguzo ya umeme au jenereta. Basi.

Tatizo ni neno "jua". Kiswahili kimelitwika mizigo miwili, mwanga na joto, na mara nyingi hatujali tunataja upi. "Jua kali" ni jasho na kichwa kuuma. "Asubuhi kuna kajua" ni mwanga mzuri wa kuotea. Kisha ikaja "sola", nayo tukaipandisha juu ya mizigo hiyohiyo.

Paneli ya sola, inayotoa umeme wa kugandishia, haili joto, inakula mwanga. Nguvu inayoandikwa nyuma yake hupimwa ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo huipunguzia takriban asilimia 0.4, kutegemea aina. Ikifika nyuzi 60 juu ya bati mchana wa Novemba, imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Lile jua tunalolisifu ndilo linaloichosha! Inachopenda ni Julai yetu: anga jeupe, upepo wa baridi, watu wamevaa makoti. Sifa ya Dodoma kwa kazi hii ni miezi mirefu isiyo na mawingu, tangu mvua zinapokatika Aprili hadi karibu na Desemba.

(Wanaouliza "na usiku je?" wakumbuke kwamba barafu yenyewe ni akiba. Kilo moja ikiyeyuka humeza joto ambalo lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Mchana unagandisha, usiku perege wanalala humo.)

Ila nisimwonee mzee. Mwaka 1878, kwenye maonyesho ya Paris, Mfaransa Augustin Mouchot alikusanya jua kwa kioo kikubwa, akachemsha maji, na kwa joto hilo akapata bonge la barafu. Mitambo ya namna hiyo ipo: joto huifukuza gesi ya amonia kutoka kwenye maji, ikipozwa inakuwa kimiminika, na ikigeuka tena mvuke huondoka na joto la kilicho jirani yake. Kwa mtambo wa aina hiyo, jua kali ni sifa kweli.

Lakini wa paneli, mzee wangu, sema tu: "Kwa anga hili la Dodoma."