Madoa ya Jua: mbona kaskazini na kusini hakuendi sawa?

Ukiangalia Jua kwa ile miwani ya kupatwa kwa jua (kwa macho matupu usijaribu hata sekunde moja, nakuomba) kuna siku utaona kidoa cheusi. Si shimo wala uchafu, ni pale ambapo sumaku ya Jua imebana sana mpaka joto la ndani linashindwa kupanda vizuri, basi hapo panapoa kidogo, nyuzi kama 3,500 wakati pembeni ni 5,500 hivi, ndo maana panaonekana peusi.

Sasa Jua nalo lina ikweta yake, lina kaskazini na kusini. Tunaambiwa madoa huongezeka na kupungua kila miaka 11 hivi na ni kweli kabisa, ila hiyo ni hesabu ya Jua zima, ukigawa unakuta kila upande una ratiba yake. Chukua mzunguko wa 24 (kila kipindi hicho cha miaka 11 hivi huitwa mzunguko na hupewa namba): kaskazini ilifika kileleni mwishoni mwa 2011 ikaanza kushuka, kusini ndo kwanza inapanda, kilele chake kikaja 2014. Ukichora grafu ya Jua zima unapata nundu mbili kama za ngamia. Na lile doa kubwa la Oktoba 2014, upana wake kama sayari ya Jupiter, lilitokea hukohuko kusini.

Kupima tofauti ni rahisi, toa madoa ya kusini kwenye ya kaskazini halafu gawa kwa jumla. Tuseme kaskazini 30, kusini 10: 20 kwa 40, unapata 0.5. Likija jibu hasi ujue kusini kumezidi.

Kinachonishangaza zaidi ni ya zamani. Kati ya 1645 na 1715 madoa yaliadimika mno, na miaka ya mwishomwisho hayo machache waliyoyaona wanaanga wa Paris karibu yote yalikuwa kusini!

Kwa nini? Ni kwamba sumaku inatengenezwa humohumo ndani na gesi ya moto inayozunguka, ikwetani haraka, kwenye ncha polepole, na kila upande unajisokotea wake, wanagusana ikwetani tu. Hata sumaku ya ncha, ambayo hugeuka kila mzunguko (chanya inakuwa hasi, hasi inakuwa chanya), haigeuki pamoja: kwenye mzunguko huo wa 24 kaskazini ilitangulia kubadilika, kwa hiyo kuna kipindi ncha zote mbili zilikuwa na alama moja ya sumaku.