Eneo-kazi la picha juu ya seva: ni nini, na huja na nani

Umesakinisha Ubuntu Server, toleo la Linux la kuendeshea seva. Mashine imejiwasha upya, umesubiri dirisha la kuingilia, umepata skrini nyeusi na mstari mmoja unaokuuliza jina la mtumiaji. Wapo wanaodhani wameruka hatua, wakarudia usakinishaji tangu mwanzo. Hawajaruka kitu. Seva huja hivyo, na eneo-kazi la picha, au desktopu kama mafundi wengi wanavyoiita, huongezwa baadaye juu ya mfumo uliopo bila kufuta faili hata moja.

Hilo linawezekana kwa sababu katika Linux madirisha na menyu ni programu kama programu nyingine. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, husimamia kumbukumbu, diski, mtandao na kadi ya picha. Kitufe cha kufungia dirisha hakiihusu. Anayechora ni tabaka lililo juu yake: X, iliyoanzia chuo cha MIT mwaka 1984, au Wayland, iliyoanzishwa mwaka 2008 ili kuchukua nafasi yake. Juu ya hapo hukaa mazingira ya kazi yenyewe, yaani paneli, menyu, meneja wa faili na mipangilio. GNOME, KDE Plasma na Xfce ndiyo majina utakayokutana nayo sana. Mlangoni kuna bawabu, programu inayoonyesha kisanduku cha nywila: gdm3 kwa GNOME, lightdm kwa Xfce. Jihadhari na jambo moja ukisoma maelezo ya zamani: kwa lugha ya X, "seva" ni ile programu inayomiliki skrini na kibodi iliyo mbele yako, na programu unayoifungua ndiyo mteja, hata ikiwa inaendeshwa kwenye mashine ya mbali. Imewachanganya watu miaka mingi.

Kwenye Ubuntu kazi yote ni mistari miwili ya apt, programu inayopakua na kusakinisha vifurushi:

sudo apt update
sudo apt install xubuntu-desktop

Hiyo itakupa Xfce, ambayo ndiyo ningeichagua kwa seva kwa kuwa ni nyepesi. Ukiandika ubuntu-desktop utapata GNOME na msafara wake wote; ubuntu-desktop-minimal hupunguza msafara huo. Mashine yenye RAM ya GB 1, ambayo seva tupu inaishi nayo vizuri, usiibebeshe GNOME. Ubuntu ya eneo-kazi inapendekezewa GB 4 au zaidi.

Hapa kuna neno linalostahili kueleweka vizuri. Kifurushi cha ubuntu-desktop karibu hakina kitu ndani. Ni orodha tu, kama karatasi ya mahitaji anayopewa mtoto akienda sokoni, na apt ndiye anayezunguka kukusanya mamia ya vifurushi vilivyotajwa humo. Ndiyo maana mtu akibadili mawazo na kuandika sudo apt remove ubuntu-desktop, anashangaa GNOME bado ipo. Ameichana karatasi, nyanya haziwezi kurudi gengeni zenyewe. Kuondoa kila kilicholetwa ni kazi ya kuokoteza, na mara nyingi njia safi ni kurudia nakala uliyoihifadhi kabla. Kama mashine yako ni ya kukodi na kampuni inakuruhusu kupiga picha ya diski nzima (snapshot, yaani nakala ya diski ilivyo wakati huo), ipige kabla ya kugusa apt.

Msafara huo hauleti picha peke yake. Huleta huduma za kompyuta ya mezani zenye mazoea ya mezani: CUPS ya kuchapisha, Avahi inayoitangaza mashine kwenye mtandao wa ndani, Bluetooth, sauti. Huleta NetworkManager, msimamizi wa mtandao wa kompyuta za mezani, ilhali Ubuntu Server ilikuwa imeukabidhi mtandao wake kwa msimamizi mwingine, systemd-networkd, kupitia faili za mipangilio za Netplan. Ndipo unapoona ikoni ya juu ikidai kebo haisimamiwi na mtu huku intaneti inapita kama kawaida. Si hitilafu, wasimamizi ni wawili na mmoja hana kazi.

Zoea lililowahi kuniumiza ni usingizi. Niliweka GNOME kwenye seva ya Debian, toleo jingine la Linux, iliyokuwa ikitunza mafaili ya ofisi moja ndogo, kwa sababu karani alitaka "aone folda". Kila baada ya dakika 20 bila mtu kugusa kibodi, mashine ililala, na ofisi nzima ikapoteza mafaili hadi mtu aende kubonyeza kitufe. Nilibadilisha kebo, nikailaumu swichi, hata umeme niliushuku. GNOME ilikuwa ikifanya tu kile ambacho kompyuta ya mezani hutakiwa kufanya. Dawa ilikuwa mstari mmoja:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Kuliweka eneo-kazi hakumaanishi liwe linawaka saa zote. Amri ya sudo systemctl set-default multi-user.target huifanya mashine iwake kwa maandishi tu. Siku unayohitaji madirisha unaandika sudo systemctl isolate graphical.target, unafanya shughuli yako, kisha unarudi kwa isolate multi-user.target. Kabla ya kurudi hifadhi kazi, maana kila kilichofunguliwa kwenye madirisha hufungwa.

Kwa Windows hesabu ni nyingine. Windows Server 2012 iliruhusu kuongeza na kuondoa kiolesura cha picha kwenye mfumo uliokwisha kusakinishwa. Kuanzia Windows Server 2016 mlango huo ulifungwa: ukichagua Server Core, yaani Windows Server isiyo na eneo-kazi, wakati wa kusakinisha, kupata eneo-kazi kamili ni kusakinisha upya.

Na seva ikiwa iko mbali, kwenye kituo cha data ambako hakuna skrini iliyochomekwa? Eneo-kazi litachorwa na hakuna macho ya kuliona, hivyo utahitaji pia xrdp, programu inayokuonyesha eneo-kazi hilo ukiwa mbali kwa njia ya RDP, inayosikiliza kwenye poti 3389. Poti hiyo usiifungue kwa intaneti nzima; ni miongoni mwa zinazobishwa hodi usiku na mchana na watu usiowajua. Ipitishe ndani ya SSH, muunganisho uliosimbwa wa kuingilia seva, kutoka kompyuta yako:

ssh -L 3390:localhost:3389 jina@seva

Kisha elekeza programu yako ya RDP kwenye localhost:3390. Na kama shida yako ilikuwa kuona tu hali ya diski, huduma na watumiaji bila kukariri amri, jaribu kwanza Cockpit, ukurasa wa wavuti wa kusimamia seva: unaisakinisha kwa apt, unaifungua kwa kivinjari kwenye poti 9090, nayo ipitishe ndani ya SSH vilevile. Yule karani wa folda, nikikumbuka sasa, alihitaji tu njia ya mkato ya Samba, programu ya kushiriki folda za seva kwenye mtandao, kwenye kompyuta yake.