Karatasi inayopitisha umeme: yanayosemwa na yalivyo

"Karatasi haipitishi umeme, kwa hiyo haifai kutengenezea kifaa."

Nusu ya kwanza ni kweli. Selulosi, iwe ya daftari, ya pamba ya Kwimba au ya mafunjo ya ufukweni, ni kihami. Kazi yake ndani ya karatasi inayopitisha umeme ni kubeba: nyuzi zake hushikilia kitu kingine kinachopitisha umeme, nazo hupinda bila kukatika. Nilimpelekea fundi simu mmoja wa karibu na Makoroboi, Mwanza, mstari mnene wa penseli ya 6B, ambayo risasi yake ina kaboni, niliouchora kwenye karatasi. Akaweka mita kwenye mlio, ule unaolia umeme ukipita kwa urahisi. Kimya. "Si nilikwambia?" Alipogeuza kwenye kilo-omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme, namba ikatokea. Tukaipinda karatasi, mchoro ukiwa upande wa nje, namba ikapanda, tukainyoosha, ikashuka. Kihisio cha kubandika kidoleni hutumia mchezo huohuo.

"Jaza kaboni nyingi, ndiyo ipitishe vizuri."

Hapa ndipo wengi huharibu. Chembe za kaboni ni kama mawe ya kurukia unapovuka tope: yakiwa machache, hufiki ng'ambo. Yakitosha, njia inaungana ghafla, na ukinzani unaporomoka. Ukizidisha baada ya hapo, faida ni ndogo na karatasi inakakamaa, mwishowe inapasuka. Umbo nalo lina neno. Nanotubu za kaboni ni kama vijiti virefu, hugusana mapema, pengine hata chini ya asilimia 1 ya mchanganyiko. Masizi ni chembe za mviringo, huhitajika mengi zaidi.

"Ziwa limejaa ukijani, tutengeneze betri."

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha betri ya selulosi ya mwani wa Cladophora, nyuzi zake zikiwa zimevikwa polima nyeusi iitwayo polipiroli. Lakini ukijani unaotanda kwenye ghuba yetu ya Mwanza kwa kawaida ni sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, na kuta za seli zao hazikujengwa kwa selulosi. Gugumaji linayo, ila zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Vuna kilo 100, hupati hata 10 kavu, na hizo bado zinangoja kuchemshwa kwa soda kali ili lignini, gundi inayokaza nyuzi za mmea, itoke.

"Mimi nilichovya karatasi kwenye maji ya chumvi, ikapitisha."

Zilizopita ni ioni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, ndani ya maji. Ianike juani pamoja na dagaa, kisha irudishe kwa fundi.