Kwa nini sipaki rangi juu ya plastiki

Sikusomea sanaa darasani. Rangi nilijifunza kwa kutazama matatu na mikokoteni ya Mombasa, na plastiki nilifundishwa na hori ya Tudor, pale maji ya bamvua yanapokupwa na kuacha mizizi ya mikoko imevaa ndara, vifuniko vya chupa na vipande vya kamba za wavuvi.

Wanaotazama picha ninazozitengeneza kwa plastiki niliyoiokota huko huniuliza nimechanganya rangi gani hata nikapata ule wekundu uliofifia wa feri ya Likoni. Sikuchanganya yoyote. Picha yangu ya kwanza niliipaka: nilipanga vifuniko juu ya ubao, nikavipaka rangi ya akriliki, na kabla msimu wa kusi haujaisha rangi ilikuwa imeanza kubanduka kwa maganda mapana. Vifuniko vingi ni vya poliethilini au polipropilini, plastiki ambazo uso wake haushikani kwa urahisi na kitu kingine, na msasa haukunisaidia sana. Lililonisumbua zaidi ni kwamba akriliki yenyewe ni plastiki, kwa hiyo yale maganda, pamoja na maji ya brashi niliyoyamwaga mtaroni, yalikuwa yakirudi kule kule nilikookota vifuniko.

Tangu siku hiyo naichukua rangi kama jua lilivyoiacha. Katika vifuniko ninavyookota, buluu hudumu, ilhali nyekundu hugeuka ya waridi, kisha hukaribia weupe, na plastiki yenyewe huwa kavu hata ikavunjika vidoleni. Mafundi wa Lamu waliounda kwa taka za plastiki jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini mwaka 2018, nao waliacha rangi za ndara zionekane ubavuni mwake, na naamini walifanya vyema.

Siyeyushi kitu kwa moto, kwa sababu mabomba ya PVC yakiungua hutoa gesi yenye asidi inayodhuru mapafu. Naunga kwa waya na misumari. Kuchambua ni kazi ya ndoo ya maji: vifuniko huelea, vipande vya chupa ya soda huzama. Ndiyo sababu mojawapo ya ufuo kujaa vifuniko kuliko chupa zake, na kinachozama hatukioni. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na vifuniko havikuguswa na amri hiyo.

Sasa natengeneza foleni ya kivuko cha Likoni wakati wa alfajiri. Abiria wa mbele ni ndara moja ya mguu wa kushoto, kisigino kimelika upande wa nje, na ndani ya tundu la ukanda wamekauka kome watatu wadogo. Nyingine zote nimezikata. Hiyo nimeipigilia nzima, pamoja na kome wake.