Shata haigandishi tone la maji

Jamani, shata, mlango wa kamera unaofunguka na kufungwa kuingiza mwanga, haigandishi tone kwenye picha. Juzi hapa mtaani Mwanga nimeulizwa tena, na kijana mwenye nia njema kabisa: "Kaka, shata ya kamera yako inafika kasi ngapi? Yangu inaishia 1/4000 ya sekunde." Picha yangu ya tone aliyokuwa akiitolea macho ilipigwa kwa 1/160.

Tupige hesabu. Tone likidondoka kutoka sentimita 30 hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 2.4 kwa sekunde. Ndani ya 1/160 limeshatembea milimita 15. Ndani ya 1/4000 ni milimita 0.6, na kwenye makro (picha ya karibu sana) ya 1:1, yaani ukubwa halisi wa kitu, hizo ni milimita 0.6 zile zile juu ya sensa, sehemu ya kamera inayopokea picha, yaani ukungu mtupu. Halafu shata ina mapazia mawili, na kwa kasi hiyo pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, kwa hiyo flashi ya kawaida inamulika ukanda tu wa fremu.

Kinachogandisha ni ufupi wa mmweko. Chumba giza, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/11. Flashi isipowaka, fremu inatoka nyeusi tii. Shata ni mlango tu. Na hapa watu hukosea mara ya pili: picha ikiwa hafifu, wanapandisha nguvu ya flashi. Msipandishe! Flashi hizi ndogo hazipunguzi nguvu kwa kufifia, zinakata mmweko mapema. Kwenye nguvu kamili mmweko unaweza kuchukua 1/1000 ya sekunde, wakati mwingine zaidi. Shusha hadi 1/64 ya nguvu na mmweko wa flashi nyingi unakuwa mfupi kuliko 1/20,000 ya sekunde, ambako tone halitembei hata milimita 0.13. Mwanga hautoshi? Sogeza flashi karibu. Picha maarufu ya Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani aliyepiga picha kwa mmweko, ya taji la tone la maziwa ni ya 1957, na iligandishwa na mmweko. Kamera ya mwaka huu alikuwa nayo wapi?

Stendi, fokasi ya mkono kwenye ncha ya kalamu uliyoishika pale tone linapotua, basi. Kulidaka kwa kidole bila triga, kifaa kinachofyatua chenyewe tone likipita, ni bahati zaidi ya ufundi, na anayekataa hajaonyesha fremu alizofuta.

Moto ni kinyume, na huko kijana wangu angekuwa sahihi. Mwali wa kibatari unajiangaza wenyewe: njano yake ni masizi yanayong'aa kwa joto. Flashi haiuongezei kitu, inaumeza. Zima flashi, kimbiza shata, funga dirisha upepo wa ziwa usiingie, uvumilie joto. Ila msinijie na wazo la kudondosha maji kwenye mawese yanayowaka. Yatawarukia usoni.

Tone mbele ya mwali katika fremu moja ndiko ninakoumia. Flashi inagandisha tone, shata inakaa wazi, tuseme 1/30, ili mwali ujikusanye. Lakini mwali huo huo unalimulika tone likiwa safarini, na unabaki uzi wa rangi ya chungwa juu yake. Kuurudisha mwali nyuma kunapunguza uzi, kisha mwali unatoka nje ya fokasi. Ukibana tundu hadi f/22, picha nzima inapoteza ukali. Vitabu huchora mpango huu kana kwamba unakubali. Kwangu haujawahi kutoka safi. Wapo wanaopiga fremu mbili na kuziunganisha kwenye kompyuta. Siwalaumu, ila wasiniambie ni fremu moja.