Alberta Haijawahi Kuiandikia Quebec Hundi

Nimeulizwa tena: "Kwani Alberta si inailipa Quebec kila mwaka, ndiyo maana inataka kujitenga Kanada?" Hapana. Hapana kabisa.

Malipo ya usawazishaji, yaani fedha ambazo majimbo yenye uwezo mdogo wa mapato hupewa tangu 1957, hutoka hazina kuu ya Ottawa, serikali ya shirikisho ya Kanada, na hazina hiyo hujazwa na kodi za watu na kampuni. Serikali za majimbo hazichangii hata senti. Mhasibu wa Calgary, jiji la Alberta, na mwenzake wa Halifax, jiji la jimbo la Nova Scotia, wakiwa na mshahara sawa, kodi ya shirikisho ni ileile. Alberta hutoa zaidi kwa sababu mishahara yake ni mikubwa na wazee wake ni wachache. Futa usawazishaji kesho, mhasibu wa Calgary hapunguziwi chochote mpaka Ottawa yenyewe iamue kushusha kodi. Na Quebec hupata fungu nono kwa wingi wa watu wake. Kwa kila kichwa, majimbo madogo ya Prince Edward Island na New Brunswick huishinda mbali.

Ila msinigeuze mtetezi wa Ottawa. Fomula ina kasoro, na hapo ndipo hasira ingepaswa kwenda. Mrabaha wa mafuta huhesabiwa kuwa sehemu ya uwezo wa jimbo kujipatia mapato. Kwa Hydro-Québec, kampuni ya umeme ya serikali ya Quebec, kinachohesabiwa ni faida iliyoingia, si ile iliyoachwa wananchi wakiuziwa umeme kwa bei ya chini. Jimbo linajipunguzia mapato, kisha linaonekana maskini zaidi kwenye hesabu! Dawa? Wachumi wenzangu husema tuuhesabu umeme kwa bei ya soko. Soko lipi? Kila bei niliyoijaribu ina mtu inayempendelea, na sina ya kuitetea kwa kiapo. Tena tangu 2009 fungu zima hukua sambamba na pato la taifa, hata pengo kati ya majimbo likipungua. Hilo halina utetezi.

Nani aliyaweka hayo, 2007 na 2009? Serikali ya Stephen Harper, waziri mkuu wa Kanada wakati huo na mbunge wa Calgary. Jason Kenney, aliyeitisha kura ya maoni ya Oktoba 2021 alipokuwa waziri mkuu wa Alberta, alikuwa ndani ya serikali hiyohiyo. Takriban asilimia 62 walitaka kifungu cha 36(2), kinachoifunga Ottawa kwa msingi wa usawazishaji, kitoke kwenye katiba. Hakikutoka, jimbo moja haliirekebishi katiba ya nchi, na fomula yenyewe imo katika sheria ya kawaida.

Sisi wachumi tunapenda kuamini kwamba fomula ikinyooka, kelele zitaisha. Nina shaka. Mpango wa nishati wa Ottawa wa 1980, uliobana bei ya mafuta chini ya ile ya dunia, ulifutwa zamani, na bado unatajwa kama wa juzi.

Kuhusu mabomba ya mafuta, manung'uniko ya Alberta yana msingi, lakini kujitenga hakuleti pwani: bomba la kwenda bahari ya Pasifiki litapita jimbo la British Columbia vilevile, na safari hii jimbo hilo litakuwa nchi ya kigeni. Na Mikataba namba 6, 7 na 8, ambayo mataifa ya wenyeji yaliifunga na Ufalme wa Uingereza kabla Alberta haijawa jimbo mwaka 1905, itakuwaje Alberta ikijitenga? Wanaoniandikia kuhusu hundi hawaigusi.